Bima kubwa na maji ya mvua: uliza kabla masika hayajaanza

Wiki iliyopita shemeji yangu alinipigia simu kutoka Njombe, sauti inatetemeka. Mvua ya mawe ilimkuta kazini, gari lipo nje hakuna hata mti wa kulikinga. Kioo cha mbele kimepasuka, boneti na paa vimebonyeabonyea kama sufuria la zamani. "Shemeji, mimi nina bima kubwa. Si watanilipa?"

Bima kubwa ni ile inayolinda na gari lako mwenyewe, si yule uliyemgonga tu. Nikamwambia aachane na stika ya bima, atafute mkataba wenyewe, zile karatasi nyingi tunazozitupia kwenye droo. Hakujua ziko wapi. Wengi wetu hatujui, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka Aprili 2024.

Hapa Dar es Salaam mvua ya mawe si kitu cha kutunyima usingizi. Kwetu hasara inatoka chini: barabara ya Jangwani inafungwa, mto Msimbazi unafurika, na mitaa ya Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga inageuka mito kwa saa moja. Lakini swali la shemeji na swali langu la mwaka ule ni moja, maana mawe, mafuriko na upepo mkali mara nyingi huwekwa kwenye kapu moja katika mikataba ya bima. Ama kapu hilo limo kwenye mkataba wako, ama halimo.

Siku ile ya Aprili 2024 nilikuwa natoka Mwenge kurudi nyumbani Mikocheni, jioni, mvua imenyesha tangu asubuhi. Mbele yangu Noah ilipita kwenye maji vizuri tu, nikaifuata. Katikati IST yangu ikazima. Maji yalikuwa yamefika nusu ya mlango, na yameanza kuingia miguuni. Kwa hofu nikawasha tena. Haikuwaka. Nikawasha mara ya tatu, nikasikia "ko!" moja nzito, kisha kimya.

Kesho yake fundi alifungua boksi la klina, ile inayochuja hewa ya injini, mbele yangu. Karatasi ya klina ilikuwa imelowa na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alipotoa plagi na kuzungusha injini, maji yakaruka kutoka kwenye matundu mpaka kwenye shati lake. "Mama, rodi imepinda," akasema, yaani kile chuma kinachosukuma pistoni, akanieleza kwa upole. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake, kitu kimoja lazima kipinde. Pengine gari lilipozima mara ya kwanza injini ilikuwa bado nzima, na ni ule uwashaji wa pili na wa tatu ulioiua.

Kampuni yangu ya bima ilileta mkadiriaji hasara baada ya siku mbili. Mkataba wangu ulikuwa na kipengele cha mafuriko, kwa hiyo walikubali viti, mazulia, waya na kontroli boksi, ile kompyuta ya gari. Injini walikataa. Barua yao ilisema injini imeharibika kwa sababu dereva aliwasha gari likiwa majini, na hitilafu ya mashine hailipwi. Nilibishana nao kwa maandishi mara mbili, sikushinda. Injini ya mtumba niliinunua kwa fedha zangu.

Kilichonitoa machozi zaidi ni jirani yangu. Yeye hakuendesha popote. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ndani ya geti, maji yakapanda mpaka kwenye viti. Naye ana bima kubwa, amelipa kwa wakati miaka yote, kampuni tofauti na yangu. Hakupata hata shilingi. Mkataba wake ulitaja ajali, moto na wizi, na kwenye orodha ya yasiyolipwa yakatajwa majanga ya asili. Angeweza kuongezewa kipengele hicho kwa nyongeza ndogo ya ada, lakini hakuna aliyemwambia, na yeye hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Mzee yule amefanya kazi maisha yake yote kupata lile gari.

Kwa hiyo neno "bima kubwa" lisikutulize. Bima ndogo tunaielewa: gari binafsi unalipa shilingi 118,000 pamoja na VAT, inamlipa yule uliyemgonga, gari lako wewe haihusiki nalo. Bima kubwa inalinda na gari lako, lakini dhidi ya yale yaliyoandikwa tu. Mikataba mingi iko kwa Kiingereza kigumu. Usione haya. Mwambie wakala: nionyeshe kwa kidole mstari unaosema mafuriko yanalipwa. Nionyeshe mstari wa mvua ya mawe na upepo. Akikwambia "hiyo imo, dada, usijali", mwombe akuandikie kwa barua pepe. Mimi sasa nauliza na swali la tatu: gari likizima majini, injini inalipwa kwa masharti gani? Majibu ya kampuni moja na nyingine hayafanani.

Jambo jingine linaumiza watu kimyakimya, nalo ni thamani ya gari. Mimi nilikatiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, juu yake VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 15 linakuwa 525,000, ukiweka VAT unafika 619,500. Ni fedha nyingi, ndiyo maana watu wanashusha thamani ili ada ipungue. Sasa chukua gari la milioni 20 ulilolikatia kama la milioni 15. Maji yakaleta hasara ya milioni 4. Kampuni inaweza kukwambia umekata bima ya robo tatu ya gari, basi na hasara tunalipa robo tatu: milioni 3. Na hapo bado hawajatoa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Ukipandisha thamani kupita kiasi nako huambulii kitu, gari likifa kabisa wanalipa bei ya soko. Andika bei ya kweli.

Maji yakikukuta, tafadhali, gari likizima liache lizime. Usiguse ufunguo tena. Toka, usalama wako na wa watoto kwanza. Masika yale ya 2024 yaliua watu wengi nchini, na gari ni chuma tu. Maji yakipungua, chomoa terminali ya betri, piga picha: alama ya maji mlangoni, namba ya gari, mtaa wenyewe, ndani kwenye viti. Piga simu bima siku hiyohiyo na ufuatishe ujumbe wa maandishi. Lipeleke gereji kwa gari la kubeba, lisivutwe kwa kamba huku gia ikiwa imeingia. Na hapa nilikosea tena: nilimruhusu fundi afungue injini kabla ya mkadiriaji kufika. Alikuwa fundi mwaminifu, lakini kwenye barua yao lile nalo lilitumika dhidi yangu.

Ukinyimwa na unaona umeonewa, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, utunze nakala. Wasipokusikiliza, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima nchini. Huko TIRA pia unaweza kuhakiki kwa namba ya gari kama bima uliyouziwa ni ya kweli. Fanya hivyo siku unayolipa, ukiwa bado umesimama mbele ya wakala.

Shemeji alizipata karatasi zake usiku ule, ndani ya mfuko wa vyeti vya watoto. Akanisomea kwenye simu, neno kwa neno, mpaka tukafika kwenye kipengele cha nyongeza: tufani, mafuriko, mvua ya mawe. Kimo. Kioo cha mbele kina kikomo chake cha malipo, hilo tumelijua mapema. Kwa bahati alikuwa amepiga picha mawe yakiwa bado hayajayeyuka juu ya boneti. Nimemwomba asiruhusu mtu anyooshe bati wala kupaka rangi. Pale rangi haijapasuka, fundi mzuri anaweza kusukuma bati kutokea ndani bila kupaka upya, na huo ni uamuzi wa kufanya na mkadiriaji akiwepo. Shemeji anakwenda kwa mkadiriaji huyo Jumamosi.