Nani alimuua nani? Mafumbo ya makabaila wa Ulaya

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia anataka kujua kuhusu vifo vya wakubwa. Nimechagua maswali matano.

Nimekulia Kiambu. Kanisani St Paul's kuna kaburi la Mzungu wanayesema aliuawa kwa sababu ya mke wa mtu. Ni nani, na muuaji alipatikana?

Huyo ni Josslyn Hay, Earl (cheo cha kikabaila cha Uingereza) wa 22 wa Erroll. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, wachukuzi wawili wa maziwa waliikuta Buick yake imetumbukia kwenye shimo la changarawe kando ya barabara ya Ngong, upande wa Karen, taa zikiwaka. Mwenye gari alikuwa amejikunja sakafuni, kapiga magoti. Kwanza ikadhaniwa ni ajali, mpaka lilipoonekana tundu la risasi karibu na sikio.

Mke wa mtu ni Diana, mwenye miaka 27, aliyekuwa ameolewa miezi michache tu na Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka 57. Usiku ule wote walikula pamoja Muthaiga Club, na mzee akainua glasi kuwatakia wapenzi hao, Erroll na Diana, heri na mrithi. Mwanamume anayeibiwa mke hadharani na bado anawaombea mtoto! Siku chache kabla alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa.

Alishtakiwa, na tarehe 1 Julai akaachiwa huru. Wakili wake aliionyesha mahakama kwamba alama za kwenye risasi si za Colt, na bastola yenyewe haikupatikana hadi leo. Desemba 1942 Broughton alijiua hotelini Liverpool. Wengine wanasema majasusi wa Uingereza walimmaliza Erroll kwa kuwa mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti. Simulizi hiyo ni tamu, ila sijaona karatasi inayoibeba. Mimi bado namtazama yule mzee. Na hivi, mbona wale wachukuzi wa maziwa, walioona kwanza, hawapewi nafasi? Kila kitu tunasimuliwa na waliokuwa mezani.

Anastasia alitoroka kweli?

Hapana, ndugu yangu. Binti huyo wa mfalme wa mwisho wa Urusi aliuawa pamoja na wazazi wake mjini Yekaterinburg, Julai 1918. Anna Anderson, aliyejiita Anastasia mpaka akafa mwaka 1984, alikutwa kwa kipimo cha DNA kuwa wa ukoo wa Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2007 mabaki ya watoto wawili wa familia hiyo waliokuwa hawajapatikana yakafukuliwa. Hilo limekwisha.

Yule mfungwa wa Ufaransa aliyevaa barakoa ya chuma alikuwa pacha wa mfalme Louis XIV?

Kwanza barakoa ilikuwa ya mahameli, si ya chuma. Alifia Bastille, gereza la Paris, mwaka 1703. Barua za serikali zilizoandikwa alipokamatwa mwaka 1669 zinamtaja Eustache Dauger, na gerezani aliwekwa kumtumikia mfungwa mwingine, waziri wa zamani Fouquet. Pacha wa mfalme hapewi kazi ya kutandikia watu vitanda. Alichokijua mpaka afungwe miaka zaidi ya 30, hapo ndipo penye fumbo.

Wale wana wawili wa mfalme waliopotea kwenye Mnara wa London: si wapime mifupa yao tu?

Swali zuri, dada. Edward V alikuwa na miaka 12 na mdogo wake Richard 9 walipotoweka mwaka 1483, wakiwa mikononi mwa baba yao mdogo, aliyekuwa ametwaa taji kwa jina la Richard III. Mwaka 1674 mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi mnarani walifukua sanduku la mifupa, nayo ikahifadhiwa Westminster Abbey. Ilifunguliwa mwaka 1933, enzi ambazo hakukuwa na DNA. Ilikuwa imechanganyika hata na ya wanyama. Tangu hapo wote wanaoomba kuipima wanarudishwa mlangoni. Baba mdogo mwenyewe alifukuliwa kwenye maegesho ya magari Leicester mwaka 2012 na akapimwa bila shida.

Mayerling: mauaji au kujiua?

Tarehe 30 Januari 1889, Rudolf, mwana pekee wa kiume wa mfalme mkuu wa Austria, alikutwa amekufa kwenye nyumba yake ya kuwindia huko Mayerling, karibu na Vienna, pamoja na Mary Vetsera, binti wa miaka 17. Ikulu ikatangaza ni moyo. Maiti ya Mary ikavishwa nguo, ikaketishwa wima kwenye gari la farasi katikati ya wajomba zake wawili kama abiria aliye hai, ikapelekwa usiku kuzikwa kijiji cha Heiligenkreuz. Ukificha hivyo, watu watatunga mpaka kesho.

Ila mwaka 2015 zilipatikana barua za Mary za kuaga, zilizokuwa zimewekwa benki moja ya Vienna, akimwomba mama yake msamaha. Kwangu zinatosha: walikubaliana kufa. Kwa nini Rudolf alitaka kufa, hilo barua hazilimalizi. Baba yake aliigeuza nyumba ile kuwa monasteri ya masista Wakarmeli. Altare imesimama pale palipokuwa chumba cha kulala.