Klakshipu ni nini, na mbona nabeba mafaili tu?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma usiku nikacheka peke yangu mpaka baba yako akaamka anauliza kuna nini. Unaniuliza "mama hii klakshipu maana yake nini hasa, mbona kila siku nafukuzia majibu maabara na kubeba mafaili, nasomea udaktari au ukarani, na kaka anasema hata kwenye sheria ipo, ni kitu kimoja?" Voisi noti ingekuwa ndefu mno, bora niandike, na wewe soma ukiwa umetulia sio katikati ya raundi mnapozunguka vitanda na bingwa.

Kwanza ukarani usiuseme vibaya, ada yako ya sekondari imetoka humo. Baba yako pale mahakamani alikuwa anafungua faili, anagonga muhuri, anaita kesi, jioni anafunga kabati anaenda zake na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Ile ni ajira. Yako wewe, hiyo klakshipu, jina limetoka kwenye clerk, yaani karani kwa Kiingereza, ila ni mafunzo ya kazi chini ya mzoefu, faili unalijaza ili mtu anayejua kuliko wewe alisome akwambie umepotea wapi.

Ukiambiwa nenda kaklaki kitanda fulani, unakaa na mgonjwa unamuuliza kimemleta nini, kimeanza lini, kimeendaje, ameshawahi kuugua nini, anatumia dawa gani, pamoja na za miti shamba ambazo wengi hawazitaji mpaka uwaulize kwa upole na bila kukunja sura, anaishi na nani, anafanya kazi gani, afu unampima kichwa mpaka miguu. Hayo yote hata mimi nesi naweza kukuandikia. Ugumu unaanza pale unapotakiwa kuandika unadhani anaumwa nini, kama sio hicho basi ni nini kingine, na ungeagiza vipimo gani na kwa nini. Asubuhi unasimama mbele ya bingwa na wenzako unaisoma, anaichambua mpaka jasho linakutoka, na dawa anaandika mwenyewe kwa sahihi yake maana akikosea anaulizwa yeye. Wewe unafikiri kama daktari lakini kuna mtu juu yako anayebeba lawama, na hiyo nafasi mwanangu hutaipata tena ukishamaliza intani, ule mwaka wa mazoezi baada ya chuo.

Nilipokuwa wodi ya wanawake aliletwa bibi mmoja amevimba miguu, kila aliyepita kamuuliza maswali yale yale. Akaja kijana mwanafunzi akavuta stuli akamuuliza bibi usiku unalalaje? Bibi akamwambia mjukuu wangu mimi silali, nikilala chali pumzi inakata, nalala nimeegemea ukuta. Kwenye faili halikuwepo hilo popote. Kwenye raundi yule kijana akasema mimi nawaza moyo, bingwa akamuuliza maswali mpaka akakaribia kulia, afu akaagiza moyo upimwe na kweli ulikuwa umechoka. Daktari wa zamu hakuwa mzembe, alikuwa na wodi nzima na wengine wanamsubiri mapokezi, muda wa kuvuta stuli hana. Wewe unao, na kwa sasa ndio kitu pekee ulichonacho ambacho bingwa hana.

Huu utaratibu ni wa siku nyingi. Waingereza walikuwa na wanafunzi makarani wodini, na upande wa upasuaji walikuwa wanafunga vidonda. Marekani kipindi hicho mtu aliweza kupata udaktari kwa kusikiliza mihadhara na hajamgusa mgonjwa wa maana, mpaka akina William Osler, yule daktari wa Kanada, wakauingiza pale Johns Hopkins kule Baltimore, ambako shule ya udaktari ilifunguliwa 1893. Osler alikuwa na heshima zote za dunia lakini alisema juu ya kaburi lake anataka neno moja tu, kwamba alifundisha wanafunzi wa udaktari wodini, maana hiyo ndio aliiona kazi yake yenye faida kuliko zote.

Kwa kaka yako mzizi ni huo huo ila mti umetawanyika. Uingereza tangu sheria ya 1728 aliyetaka kuwa wakili wa ofisini ilibidi akae ukarani miaka 5 chini ya wakili. Kenya siku hizi baada ya darasa la Shule ya Sheria wanakaa miezi 6 na wakili mzoefu, na hapa kwetu akimaliza digrii ataenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar, nao huwa wanawapeleka mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Marekani ndio tofauti kabisa, klaki wa jaji ameshamaliza shule, analipwa, mara nyingi anakaa mwaka mmoja au miwili na jaji yule yule anamtafutia sheria na kumwandikia rasimu za hukumu. Ketanji Brown Jackson alikuwa klaki wa Jaji Breyer wa Mahakama ya Juu, na mwaka 2022 Breyer alipostaafu kiti chake akakikalia yeye. Kaka yako akisikia hiyo ataanza kuota, mwache aote ila mitihani ya sapu aimalize kwanza.

Ninayempenda mimi ni Mandela. Miaka ya 40 Johannesburg, Walter Sisulu alimpeleka kwa wakili mmoja anaitwa Lazar Sidelsky akachukuliwa kama karani. Kazi zenyewe zilikuwa kupanga mafaili na kupeleka makaratasi huku na huku, yaani hizo hizo unazolalamikia. Lakini ameandika mwenyewe kwamba hata kazi iwe ndogo vipi, Sidelsky alikuwa anamweleza ni ya nini na kwa nini anaifanya.

Sasa jipime kwa hilo. Kupeleka sampuli maabara hakujakuonea, swali ni je, kuna mtu anakwambia ile potasiamu, chumvi ya kwenye damu, mnaitafutia nini? Ulichoandika jana kuna aliyekisoma? Kama yupo, beba mafaili na usinung'unike. Kama wiki inaisha hakuna hata mmoja aliyefungua karatasi yako basi hiyo sio klakshipu, wamepata kibarua wa bure, na usinyamaze, mfuate rejista, yule daktari aliye chini ya bingwa, baada ya raundi sio kabla, mwambie kwa adabu naomba unisomee hii moja. Moja tu. Wengi hawakatai, wamechoka tu.

Na jambo la mwisho nakusema kama nesi sio kama mama. Msikopi historia ya kwenye faili mkaipaka rangi mkasema mmeklaki, sisi manesi tunawaona, tunanyamaza tu. Wagonjwa wa kwetu wakiona koti jeupe wanaita dokta, usiitikie ukakaa kimya, sema mimi ni mwanafunzi naomba nikuulize na kukupima, akikataa shukuru uende kitanda kingine. Na picha za wagonjwa kwenye magrupu ya watsapu sitaki kusikia.

Ile stethoskopu uliyoniandikia, baba yako anasema usubiri pensheni iingie, kwa sasa azima ya mwenzako. Viatu nimetuma hela leo, na makato ya kutolea nimeweka, nunua vya kufunika vidole maana wodi ya wazazi unaijua mwenyewe.

Mama yako