Kwa Anayeanza Kumsoma Emily Dickinson

Kabla hujasoma hata ubeti mmoja, tazama mashairi uliyoyashika yametoka katika toleo la nani. Kwa washairi wengi jambo hili linaweza kusubiri. Kwa Dickinson haliwezi.

Alipofariki mwaka 1886 huko Amherst, Massachusetts, Marekani, aliacha karibu mashairi 1,800. Yaliyochapwa akiwa hai ni kama kumi tu. Mdogo wake, Lavinia, ndiye aliyeyakuta, mengi yakiwa yameshonwa kwa uzi katika vijitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Mwaka 1890 Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson wakatoa kitabu cha kwanza. Tunawashukuru kwa hilo, lakini waliyapa mashairi vichwa ambavyo Dickinson hakuviweka, wakaondoa vistari vyake, na pale kina kilipowakera wakabadilisha maneno.

Chukua "Because I could not stop for Death", ambamo Kifo, kwa adabu zote, kinamchukua msemaji kwa gari la farasi. Alivyoandika mwenyewe, wanapita shule ambako watoto wanashindana kwenye duara wakati wa mapumziko, na neno la "duara" (Ring) halilingani kwa kina na "jua" (Sun) la mwisho wa ubeti. Wahariri wakaweka watoto wanaocheza, masomo yao ndiyo kwanza yamekwisha, ili kina kipatikane. Kikapatikana, na mashindano yakapotea. Kisha wakaufuta ubeti wa nne mzima, ule ambao jua ndilo linalowapita wasafiri, umande unaleta baridi, na msemaji amevaa nguo nyepesi mno. Bila ubeti huo safari inabaki matembezi ya jioni. Ukiwapo, unahisi mwili unapoa.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi watafute toleo la Thomas H. Johnson la 1955 au la R. W. Franklin la 1998, yanayofuata maneno na vistari vyake mwenyewe. Kwa kuwa mashairi hayana vichwa, wahariri hawa waliyapa namba, na namba zao hazifanani: shairi hilo ni 712 kwa Johnson na 479 kwa Franklin. Ukiandika insha, taja namba ni ya nani.

Sisi tuliolelewa na mashairi ya arudhi tuna faida na mtego. Faida ni sikio la mizani: utagundua haraka kwamba beti zake nyingi zinafuata nyimbo za kanisani, mizani 8 kisha 6. Mtego ni vina. Tumezoea kudhani kina kilichopotoka ni udhaifu wa mtunzi. Kwake, kina kinapokataa kukubali, simama hapo uulize kuna nini. Katika shairi hilohilo, mbele ya kaburi, neno la "ardhi" (Ground) linafanya kina na lenyewe. Wahariri wa 1890 walilibadilisha pale lilipotokea mara ya pili. Mimi naona marudio yale ndiyo kaburi lenyewe: msemaji amefika ardhini, na hakuna neno jingine la kwenda.

Habari zinazosimuliwa sana, kwamba alivaa nguo nyeupe na kujifungia ndani, ziache kwanza. Zinawafanya wasomaji watafute mgonjwa badala ya kusoma shairi. Barua aliyomwandikia Higginson mwezi Aprili 1862 ina faida zaidi kwako, maana humo anauliza kama beti zake ziko hai.

Halafu soma kwa sauti, shairi moja kwa wiki, ukinyamaza kidogo kwenye kila kistari. Ukishalizoea, tazama picha za miswada yake mtandaoni. Utaona alama ndogo za msalaba juu ya baadhi ya maneno, na chini ya ukurasa maneno mbadala ambayo hakuwahi kuyafuta. Jaribu kusoma mshororo kwa kila moja la maneno hayo.