Jibu: Kupanda Mount St. Helens mwishoni mwa Aprili

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba ulianza kupanda Mount St. Helens, volkano iliyo katika jimbo la Washington, Marekani, saa tatu asubuhi kwa njia ya Worm Flows, ukazama hadi magotini na kurudi, na sasa unauliza kama ununue viatu vya kutembelea juu ya theluji. Mimi ningebadili kwanza saa ya kuondoka, kwa sababu theluji ya majira ya kuchipua huganda usiku na kulegea jua linapopanda. Ikiwa utabiri unaonyesha kwamba halijoto ya usiku huko juu haitashuka chini ya nyuzi 0, ahirisha. Ikishuka, ondoka Marble Mountain, njia hiyo inapoanzia, saa tisa usiku ukiwa na shoka la barafu na vyuma vya meno vya kufunga viatuni.

Ninachokihofia zaidi ni ukingo wa theluji unaoning'inia juu ya kasoko iliyoachwa na mlipuko wa 1980, ambao ukiutazama kutoka nyuma huonekana kama ardhi imara; usiusogelee, hata kwa ajili ya picha. Ukishuka kwa kuteleza umekaa, vua vyuma kwanza, kwani jino likinasa huweza kuvunja kifundo cha mguu. Kibali cha kupanda nacho huhitajika mwaka mzima.