Maswali ya Wavuvi: Zana za Trauti wa Kanada Katika Maji Yetu

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayefanya kazi Thunder Bay, Kanada, alikuja likizo akaniletea sanduku la zana za kuvulia trauti wa ziwa. Ndani yake kuna fimbo fupi ngumu, rili yenye mshipi wa kusuka, vijiko vizito vya rangi ya fedha (chambo bandia cha chuma), samaki wa mpira mweupe wenye vichwa vya risasi, na tufe la chuma la kilo 4.5 pamoja na waya na winchi yake ndogo ya mkono. Aliondoka kabla hajanionyesha matumizi yake. Je, zinatumikaje, na naweza kuzitumia Matema, kwenye Ziwa Nyasa, au katika mabwawa ya Mufindi ambako nasikia trauti wapo? *Msomaji, Tukuyu.*

JIBU: Ndugu yetu wa Tukuyu, mwanao amekuletea zana nzuri, lakini usizishushe majini kabla hujajua zilitengenezewa maji gani. Trauti wa ziwa ni samaki wa maziwa ya baridi ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, mwenye mkia uliogawanyika na madoa meupe juu ya mwili wa kijivu au kijani kibichi, na starehe yake ni maji ya nyuzi 10 hivi za Sentigredi. Ziwa Superior, ambalo mji wa Thunder Bay uko kando yake, lina kina cha hadi mita 406. Barafu inapoyeyuka, maji yote huwa ya baridi, kwa hiyo samaki huyu husogea pwani na mtu aliyesimama juu ya mwamba anaweza kumpata kwa kutupa kijiko tu. Kiangazi kikishika, maji ya juu hupata joto naye huifuata baridi chini, mita 15, mita 30, na pengine zaidi. Takriban kila kitu kilichomo sandukuni mwako kiliundwa kwa ajili ya safari hiyo ya kushuka.

Tufe la chuma ni la kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayokwenda. Mvuvi huachia kijiko kielee nyuma ya boti, kisha huubana mshipi kwenye kibanio kilichofungwa juu kidogo ya tufe, na kulishusha tufe kwa waya mpaka kwenye kina anachokitaka, huku boti ikienda polepole sana, kilomita 3 au 4 kwa saa. Samaki akinasa, kibanio huuachia mshipi, fimbo iliyokuwa imepinda kwa mvuto hunyooka ghafla, na kuanzia hapo mvuvi hupambana na samaki peke yake bila uzito wa tufe. Ule mnyooko wa fimbo ndio ishara, na anayechelewa kuuona humkosa samaki wake.

Samaki wa mpira wenye vichwa vya risasi hutumika boti ikiwa imesimama, au katika tundu lililotobolewa kwenye barafu. Hushushwa wima mpaka waguse chini, kisha mvuvi huinua fimbo kiasi cha nusu mita na kuishusha taratibu bila kuuachia mshipi ulegee kabisa, kwa sababu trauti hupenda kudaka chambo kinapoanguka. Hapo ndipo utakapouona umuhimu wa mshipi wa kusuka: hauvutiki kama nailoni, na mguso mdogo ulio mita 30 chini hufika kidoleni. Mwishoni mwake hufungwa nailoni angavu ya mita 2 au 3, kwa kuwa maji yale ni maangavu na samaki huuona mshipi.

Kwa Matema, jibu langu ni kwamba trauti hutampata, hata ukishusha waya wote. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na chini ya Milima ya Livingstone ufuko hudidimia ghafla, jambo ambalo humfanya mtu adhani kuna baridi ya kutosha huko chini. Hakuna. Hata mamia ya mita kwenda chini, joto la maji halipungui nyuzi 22, na kuanzia mita 200 na ushei oksijeni haipo, kwa hiyo samaki hawezi kuishi. Vijiko vyako vya fedha, hata hivyo, si vya kutupwa. Chukua vile vidogo, uvirambaze karibu na uso wa maji asubuhi na mapema, kwa kuwa mbasa, samaki mwindaji wa ziwa hili, hufukuza usipa, samaki wadogo kama dagaa, na kijiko kinachometameta hufanana na usipa anayekimbia. Ninakuomba jambo moja kwa moyo wote: mbasa wanapopanda mito kama Kiwira na Ruhuhu wakati wa mvua wanakwenda kutaga, nao wamepungua sana, kwa hiyo uwaache wapite.

Mufindi ni habari nyingine. Trauti wa huko si wa ziwa, bali ni wa upinde wa mvua, mwenye ukanda wa waridi ubavuni, aliyeletwa enzi za ukoloni katika vijito na mabwawa ya nyanda za juu. Yeye huvumilia joto kidogo zaidi, nyuzi 12 hadi 18, na bwawa lenye kina cha mita chache halihitaji tufe wala risasi; kijiko kizito kikidondoka pale, samaki wote wa upande ule hutawanyika. Tafuta fimbo nyepesi ya mita 2 hivi, nailoni ya kuhimili kilo 2 au 3, na vijiko vya gramu 3 hadi 7, kisha uombe ruhusa ya mwenye shamba.

Kabla ya kutupa mshipi, pima maji. Mimi hutumia chupa yenye kizibo, iliyofungiwa jiwe, na kamba ya pili imefungwa kwenye kizibo chenyewe. Naishusha ikiwa tupu, nakivuta kizibo inapofika kwenye kina ninachokitaka, nasubiri mapovu yakome, kisha naipandisha haraka na kutumbukiza kipimajoto. Ninapoona maji ya juu yana nyuzi 20 na ya chini 16, najua siku hiyo nivue chini, au pale kijito kinapoingilia bwawani.

SWALI: Nikimkamata trauti mdogo na kumrudisha majini, hufa. Nakosea wapi? *Msomaji, Mafinga.*

JIBU: Yaelekea unamshika kwa mkono mkavu, na kumkausha ule utelezi unaomkinga na maradhi. Lowesha mikono kwanza, usiguse matamvua, na ubonyeze kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza kuvua ili itoke bila kuchana. Mshikilie ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Ikiwa ndoana imemezwa, kata mshipi karibu na mdomo wala usiivute.