Tofauti za seli si kasoro tu
Umeuliza kama seli za tishu moja kutofautiana ni kasoro. Mara nyingi ni msaada mkubwa. Chukua seli inayopokea ishara ya kujiua: ama inakufa ama inaishi, hakuna kufa nusu. Kama zote zingeitikia kwa kiwango kilekile cha ishara, ikipanda kidogo tu kupita kiwango hicho zingekufa zote kwa mpigo! Lakini hata seli zenye jeni zilezile hupishana kwa kiasi cha protini (hapa ndipo uzuri ulipo), kwa hiyo moja huitikia mapema, nyingine huchelewa. Ishara ikiongezeka, idadi ya zinazoitikia hupanda taratibu, na tishu nzima hutoa jibu la kadiri ambalo seli moja peke yake haiwezi kulitoa.