Kabla Hujahesabu Wanawake Mezani

Wanafunzi wanaoniletea mada ya jinsia na mazungumzo ya amani karibu wote huanza na hesabu: wanawake wangapi walikaa mezani, wangapi walitia saini. Hesabu hiyo ina kazi yake, hasa tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipitishe mwaka 2000 Azimio 1325, linalotaka wanawake washirikishwe katika kutafuta amani. Ila ukiishia hapo, utaandika tasnifu iliyokwisha kuandikwa mara nyingi.

Mimi nafuata rasimu za mikataba yenyewe. Chukua Colombia. Mwaka 2014 serikali na waasi wa FARC, wakiwa Havana, waliunda kamati ndogo ya jinsia, nayo ikasikiliza mashirika ya wanawake na ya watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja. Mkataba ulitiwa saini Septemba 2016. Tarehe 2 Oktoba wapiga kura wakaukataa, asilimia 50.2 wakisema hapana. Miongoni mwa wapinzani walikuwamo viongozi wa makanisa waliodai kwamba umeficha "itikadi ya jinsia", yaani fikra walizoziona kuwa tishio kwa familia. Katika mkataba mpya wa Novemba, mtazamo wa jinsia ulibaki, lakini ukabanwa, mkazo ukawa haki sawa za wanaume na wanawake. Weka matoleo hayo mawili ubavu kwa ubavu, aya kwa aya. Utaona nani alishinda bila kumhoji mtu.

Ukifika kwenye mahojiano, usiulize kama jinsia ilizingatiwa. Kila mjumbe atakujibu ndiyo, tena atakutajia 1325 kwa kichwa. Uliza aya hii aliiandika nani, na nani alitaka itoke. (Kwa uzoefu wangu, wanajeshi wastaafu hujibu swali hilo waziwazi kuliko wanadiplomasia.)

Mwelekeo wa kimapenzi wa mtu, yaani kama anapenda jinsia yake au nyingine, ni jambo jingine kabisa. Sianzishi mimi, akilitaja mwenyewe, nazima kinasa sauti na kumuuliza kama anataka niliandike. Kuficha jina hakutoshi. Ufilipino mwaka 2014, katika mazungumzo ya amani na waasi wa MILF, Miriam Coronel-Ferrer ndiye aliyeongoza ujumbe wa serikali. Ukiandika "mwanamke aliyeongoza ujumbe" nani hatamjua? Yeye anajulikana na dunia, lakini kuna mkalimani au katibu ambaye cheo chake pekee kinatosha kumfichua kwa watu wa kwao. Kwa hiyo badilisha hata cheo, na aya umsomee kabla haijatoka mikononi mwako.

Halafu usifunge kazi siku ya saini. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa Ireland Kaskazini, wa 1998, ulitaja mwelekeo wa kimapenzi kati ya misingi ya usawa, na kifungu cha 75 cha Sheria ya Ireland Kaskazini ya mwaka huohuo kikaubeba. Ndoa za jinsia moja zilisubiri hadi 2020, zikaja kwa sheria iliyopitishwa na bunge la London. Mtafiti aliyeondoka 1998 angeandika habari ya ushindi tu. Basi katika andiko lako la kuomba fedha, weka safari za baadaye tangu mwanzo. Wafadhili hulipia upesi tiketi ya kwenda kwenye mazungumzo, lakini ya kurudi huko miaka mitano baadaye utaipigania.